KANUMBA ALIJAZA WATU, JE NA MFUKO NAO ULIJAA?

Jumanne ya tarehe 10 Aprili 2012 Dar ilisimama, na hapa hakuna kutia chumvi. Ukiuliza mtu yeyote aliyekuwa Kinondoni siku ile atakwambia barabara hazikupitika, viwanja vya Leaders vilifurika mpaka watu wakaanza kupanda miti, na waliozimia walikuwa wanabebwa mmoja baada ya mwingine. Magazeti yaliandika zaidi ya watu 30,000. Makamu wa Rais, Dk. Gharib Bilal, alikuwepo. Mama Salma Kikwete alikuwepo. Rais Kikwete mwenyewe alishafika nyumbani kwa marehemu Sinza kuwapa pole. Yote hayo kwa kijana wa miaka 28 ambaye hakuwa waziri, hakuwa mchungaji, hakuwa na timu ya mpira. Alikuwa mwigizaji wa muvi za CD. Steven Charles Kanumba.

Kama umezaliwa baada ya 2005 kuna uwezekano mkubwa Kanumba unamjua kwa vipande vya video tu, vile vya kulia na vya kuchekesha vinavyozunguka kwenye simu. Unamjua jina, unajua alikufa ghafla, unajua na kesi. Basi. Lakini kabla ya kifo kulikuwa na kazi ya miaka kumi, na kwenye hiyo kazi kuna swali ambalo wasanii wa Bongo mpaka leo wanagongana nalo: ukijaza watu, nani anakula?

Tuanzie mbali kidogo, Usukumani, maana huyu jamaa ni wa huko.

Chukua Sola, kata ya Maswa, ile ambayo jina lake utalisikia kwenye bwawa la New Sola linalopeleka maji Maswa mjini. Leo ukimuuliza mtu wa Sola uko mkoa gani atakwambia Simiyu, makao makuu Bariadi. Lakini Simiyu kama mkoa ilianza rasmi Machi 2012. Yaani mwezi mmoja tu kabla ya Kanumba kufariki! Kabla ya hapo Maswa, Bariadi na Meatu zote zilikuwa mkoa wa Shinyanga. Kwa hiyo Kanumba alipozaliwa tarehe 8 Januari 1984 kule Shinyanga, mtoto aliyezaliwa Sola siku hiyohiyo alikuwa ni wa mkoa mmoja na yeye. Maisha yake yote walikuwa wa mkoa mmoja, ukitoa ule mwezi wa mwisho. Watu wa Maswa na Bariadi wakisema Kanumba ni wa kwetu siyo kwamba wanadandia ustaa, wana haki yao kabisa.

Sasa fikiria 1984 hiyo. Tanzania Bara hapakuwa na televisheni. Siyo kwamba zilikuwa chache, hapakuwa na kituo hata kimoja. Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya sabini, tena ya rangi, lakini Bara ilibidi kusubiri mpaka 1994 ndipo ITV na wenzake wakaanza kurusha. Kanumba alikuwa na miaka kumi tayari. Sinema kijijini ilikuwa ni ile ya gari la serikali: linakuja na jenereta, kitambaa cheupe kinafungwa, mnaoneshwa mambo ya kilimo na afya, mkibahatika mnawekewa na filamu yenye stori. Kesho yake limeondoka, na hamjui litarudi lini. Hebu mwambie mtoto wa hapo kwamba kuna kazi inaitwa mwigizaji wa filamu, na kwamba mtu anaweza kulipa kodi ya nyumba kwa hiyo kazi. Atakuona umechanganyikiwa.

Lakini usanii wenyewe haukuwa mgeni Usukumani hata kidogo, na hapa ndipo stori inanoga. Wasukuma wana mashindano ya ngoma ambayo hakuna jaji. Kuna pande mbili kubwa, Wagika na Wagalu, na majina hayo yanarudishwa kwa mafundi wawili wa zamani, Ngika na Gumha, waliokuwa mahasimu wa kweli. Mavuno yakiisha, pamba imeuzwa, watu wana hela kidogo na muda mwingi, makundi mawili yanakutana uwanja mmoja na kucheza kwa wakati mmoja. Huku wanacheza na nyungunungu au fisi, kule wanacheza na chatu. Watazamaji wako huru. Wakivutiwa na upande huu wanakimbilia huku, wakisikia kelele upande ule wanahamia kule, vumbi linatimka. Mwisho wa siku mshindi ni yule mwenye watu wengi. Hakuna pointi, hakuna kura za simu. Watu ndio matokeo. Ndiyo maana kila kundi lilikuwa na mtaalamu wake wa dawa ya mvuto, maana bila watu wewe siyo msanii, wewe ni mtu anayerukaruka mwenyewe.

Hakuna anayesema Kanumba alikuwa mcheza ngoma. Yeye alikuwa mtoto wa mjini Shinyanga. Lakini alitoka kwenye jamii ambayo tangu enzi za mababu inapima msanii kwa kichwa cha hesabu ya watu, na ukiangalia alivyoishi utaona kama alikuwa na hicho kipimo damuni.

Shule ya msingi alisoma Bugoyi, palepale Shinyanga mjini. Sekondari akaenda Mwadui. Ndiyo, Mwadui ya almasi, mgodi alioufungua Mkanada anaitwa Williamson mwaka 1940, mgodi uliotoa ile almasi ya rangi ya waridi aliyozawadiwa Elizabeth wa Uingereza alipokuwa anaolewa 1947. Mtu akitoka Sola kwenda Dar zamani alipita njia ya vumbi kutoka Maswa kama kilomita 50 mpaka Mwigumbi, na Mwigumbi haiko mbali na Mwadui. Hapo ndipo unakanyaga lami. Mbele yako kuna kilomita kama elfu moja hivi mpaka Dar. Kanumba naye akaifuata hiyo lami. Alihamia Dar Christian Seminary, halafu Jitegemee kwa kidato cha tano na sita. Wakati wenzake wanawaza chuo, yeye kichwani kulikuwa na kitu kingine.

Mwaka 2002 akajiunga na Kaole Sanaa Group.

Vijana wa sasa lazima waelezwe Kaole ilikuwa nini. Kabla ya tamthilia za Kituruki, kabla ya simu janja, jioni ITV wanarusha mchezo wa Kaole na mtaa mzima unahamia kwenye nyumba yenye televisheni. Watoto chini kwenye mkeka, wakubwa kwenye makochi, majirani wasiojulikana dirishani. Muhogo Mchungu, Swebe, Nora, Ray, Johari, hao ndio walikuwa mastaa. Michezo kama Jahazi na Dira ndiyo iliyomtambulisha Kanumba. Mrefu, sura ya kuuza, na ana kitu ambacho wengi hawakuwa nacho: alikuwa anasikiliza. Angalia kazi zake za zamani, mwenzake akiongea yeye hasubiri tu zamu yake ifike, uso unajibu kabla mdomo haujajibu. Wengi wa kipindi kile walikuwa wanaigiza kama wako jukwaani, sauti juu mikono hewani. Kanumba mapema kabisa akashtukia kwamba kamera iko karibu na haihitaji kupigiwa kelele.

Hela ya televisheni ilikuwa ndogo. Lakini hapohapo kukatokea mlango mwingine. Mwaka 2003 ilitoka Girlfriend ya George Tyson, na watu wakaona kumbe muvi ya Kibongo inaweza kuuzwa. Kutoka Nigeria kanda za video zilikuwa zinamiminika, zimerekodiwa kwa kamera ndogo, zimekatwa haraka, zinauzwa kama maandazi. Wabongo wakasema, kama wao wanaweza na sisi tunaweza. Kaole ikaanza kupungua, mastaa wakahamia kwenye muvi mmoja baada ya mwingine. Kanumba, Ray na Johari ndio waliokuwa mstari wa mbele. Ray na Johari baadaye wakaanzisha kampuni yao ya RJ, Kanumba akawa na kambi ya Game 1st Quality chini ya Mtitu, na magazeti ya udaku yakapata kazi ya miaka: nani mkali, Kanumba au Ray? Wagika na Wagalu tena, ila sasa hivi wanacheza Kariakoo.

Mwaka 2006 ndio mwaka uliomtenganisha na wengine. Wakatengeneza Dar 2 Lagos, muvi yenye Wanigeria ndani yake, akiwemo Mercy Johnson, na mwongozaji kutoka hukohuko, Femi Ogedegbe. Kwa sasa hiyo inaitwa kolabo na kila msanii anayo. Wakati ule ilikuwa ni kama mtu wa mtaani kwenu kucheza mechi na Okocha. Wanigeria ndio walikuwa wakubwa wa hii biashara Afrika nzima, na hapa kuna kijana wa Shinyanga amesimama nao fremu moja na hajapotea. Baadaye akarudia tena na Ramsey Nouah kwenye Devil Kingdom.

Zikafuata kazi nyingi. Oprah akiwa na Ray na Irene Uwoya. A Point of No Return, iliyomwingiza Wema Sepetu kwenye filamu akitoka kwenye taji la Miss Tanzania 2006. Red Valentine, Village Pastor, Family Tears, Young Billionaire, Deception, Moses, The Shock, Off Side. Zile alizocheza na watoto Patrick na Jennifer, Uncle JJ na This Is It, hizo ndizo zilizomweka kwenye nyumba ambazo wazazi walikuwa hawataki kusikia habari ya Bongo muvi. Tukiwa wakweli siyo zote zilikuwa nzuri. Nyingine zilivutwa mpaka zikawa sehemu ya kwanza na ya pili ilhali stori ilitosha nusu saa. Gari linaingia getini dakika mbili nzima, mlinzi anafungua, mwenye gari anashuka, anapanda ngazi, na bado hajasema neno! Hiyo ilikuwa ni biashara, sehemu mbili ni CD mbili. Wote walifanya, naye alifanya.

Na umeona majina hayo? Jina la Kiingereza, maneno ndani ya Kiswahili. Watu waliwacheka sana kwa hilo na wengine mpaka leo wanacheka. Lakini angalia zilifika wapi. Kiswahili ndicho kilichozipeleka Kenya, Burundi, Rwanda na Kongo ya mashariki bila kutafsiriwa, na ndicho kilichozipeleka kijijini. CD zilitoka Kariakoo zikapakiwa kwenye mabasi ya mikoani pamoja na mabegi na kuku, zikashuka Shinyanga, zikapanda tena magari ya Maswa na Bariadi. Huko kibanda umiza kina jenereta, televisheni moja, mabenchi na bango la kuandikwa kwa chaki nje. Bibi ambaye hajawahi kufika hata Mwanza anamjua Kanumba kwa jina na anamgombeza kwenye kioo kwa kumsaliti mkewe. Serikali miaka mingi ilikuwa inapeleka sinema kwa gari lake. Hawa jamaa walifika kila sehemu bila gari.

Halafu ikaja 2009 na kile Kiingereza.

Alialikwa kuingia kama mgeni kwenye jumba la Big Brother Africa kule Afrika Kusini. Bara zima linaangalia. Kanumba akafungua mdomo na Kiingereza kikawa cha kubabaisha. Ee bwana, alichambwa! Magazeti, blogu, redioni, vijiweni. Kiingereza cha Kanumba kikawa kichekesho cha taifa, mtu akikosea neno darasani anaitwa Kanumba. Na waliocheka zaidi ni Watanzania wenzake, wengi wao na wao Kiingereza chao ni cha kuombea maji. Hebu fikiria: mtu amesoma shule zilezile mlizosoma, kwa walimu walewale, anakwenda kusimama mbele ya Afrika peke yake, na nchi yake ndiyo inaongoza kucheka. Mtu mwingine angejificha. Yeye alirudi akaendelea na kazi, akaendelea kutafuta Wanigeria, akaendelea kuweka majina ya Kiingereza kwenye kava. Mtu anaweza kusema ni ukaidi. Lakini alishaelewa kwamba kucheka kwao hakukuwazuia kununua CD.

Mpaka 2011 alikuwa staa namba moja bila ubishi. Alijiita The Great na watu wakaitikia. Alikuwa balozi wa StarTimes, alikuwa balozi wa kampeni ya Oxfam ya GROW iliyokuwa inapigania wakulima wadogo, jambo ambalo kwa mtoto wa mkoa wa pamba lilimkaa vizuri. Ameanzisha kampuni yake, Kanumba The Great Film. Yaani kutoka kwenye kuigiza tu akawa anatafuta kumiliki.

Na hapo kwenye kumiliki ndipo pa kukaa.

Muvi za CD zilikuwa zinauzwa hivi. Mtayarishaji anakopa au anachanga, anapiga picha wiki mbili tatu, anahariri, anapeleka masta kwa msambazaji Kariakoo. Wanakubaliana bei. Analipwa mara moja. Masta inabaki kule, na mara nyingi haki zote zinabaki na masta. Baada ya hapo msambazaji akiuza nakala elfu kumi au laki moja, ni mambo yake, kwako hela haiongezeki. Ukitaka hela tena, tengeneza muvi nyingine. Ndiyo maana walikuwa wanatoa muvi kila baada ya mwezi mmoja au miwili kama mtu anayekimbizwa. Na msambazaji naye alikuwa na kilio chake, kwa sababu nakala halali zikitoka asubuhi, jioni wezi wa kazi wameshachoma za kwao na wanauza kwa nusu bei, muvi kumi kwenye diski moja. Sheria ilikuwepo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ni ya 1999, na COSOTA ilikuwepo. Lakini sheria inalinda haki uliyonayo. Ukishaiuza kwa saini yako mwenyewe, inamlinda aliyeinunua.

Wasukuma wanaujua huu mchezo vizuri kuliko watu wengi. Pamba inalimwa Maswa na Bariadi, jua ni lako, jembe ni lako, mbu ni wako. Siku ya kuuza unapimiwa kwenye mzani, unalipwa mara moja, unaondoka. Shati itakayotoka kwenye hiyo pamba itauzwa mara ngapi na wapi, wewe haikuhusu. Na mzee wa kijijini atakwambia kinachouma zaidi: lile shati linarudi mnadani Maswa na wewe mwenyewe unalinunua.

Marekani nao walipita hapohapo, watu wanadhani Hollywood walizaliwa wana akili. Televisheni ilipoanza kurusha sinema za zamani, waigizaji waliona sura zao kila jioni na hawapati hata senti. Mwaka 1960 chama cha waigizaji kikagoma, kazi zikasimama, na rais wa hicho chama wakati huo alikuwa Ronald Reagan, huyohuyo aliyekuja kuwa Rais wa nchi 1981. Wakapata mfumo wa kulipwa tena kazi ikioneshwa tena, pamoja na mfuko wa pensheni na matibabu. Ila kwa filamu za kabla ya mwaka huo walisamehe, na wakongwe wengi walikufa wanalalamika kwamba waliuzwa na wenzao. Lakini angalau walikuwa na chama kimoja kinachoweza kusema leo hatuji kazini, na kamera zikazimwa kweli. Bongo kila mtu alikuwa anakwenda na masta yake mwenyewe kwapani.

Usiku wa Ijumaa Kuu kuamkia Jumamosi tarehe 7 Aprili 2012, Kanumba alifariki nyumbani kwake Sinza Vatican. Kesho yake ilikuwa Pasaka. Aliyekuwa naye chumbani alikuwa mwigizaji mwenzake, msichana ambaye umri wake ulikuja kubishaniwa mahakamani. Daktari alieleza habari ya mtikisiko wa ubongo. Kesi ilianza kama ya mauaji, ikabadilishwa kuwa ya kuua bila kukusudia, na Novemba 2017 Mahakama Kuu ikatoa hukumu ya miaka miwili. Adhabu imetumikiwa, imeisha. Miaka yote ile watu walichagua upande kama wanachagua timu, na mpaka leo kuna watu jina la Kanumba likitajwa wanaanza na hapo na kuishia hapo. Mtu aliyefanya kazi miaka kumi anakumbukwa kwa usiku mmoja, tena usiku ambao hakuna anayebishana mtandaoni aliyekuwepo.

Baada ya msiba ziliendelea kutoka kazi alizokuwa ameshapiga, ikiwemo Ndoa Yangu na Love & Power. Watu walinunua wakiwa wanalia.

Halafu likazaliwa neno ambalo umelisikia mara mia: Bongo muvi ilikufa na Kanumba. Ni neno tamu, na kuna ukweli ndani yake, maana aliondoka mtu pekee ambaye CD yake ilikuwa inauzwa kwa jina bila watu kuuliza stori inahusu nini. Wenzake walikuwa wanamkimbiza yeye, na asiyekimbizana na mtu hupunguza mwendo. Lakini angalia na mambo mengine yaliyotokea miaka hiyohiyo. Simu janja zikashuka bei. Muvi zikaanza kuhamishwa kwa flashi na memori kadi, vijana wa vibanda vya kuingiza nyimbo wakawa wanajaza na muvi. Desemba 2013 Azam TV ikaanza, king'amuzi kikafika mpaka kwenye vijiji ambavyo CD zilikuwa zinafika kwa basi. Mashine ya kuchezea CD nyumbani ikafunikwa kitambaa, ikawa pambo. Hata Kanumba angekuwa hai, hiyo diski ilikuwa inakufa. Aprili 2017, miaka mitano kamili baada ya msiba, waigizaji waliandamana Kariakoo kulalamikia muvi za nje zinazouzwa bei ya chini, na mashabiki wao wenyewe wakawacheka, wakawaambia watengeneze stori kwanza. Kilichokufa ni ile njia ya kuuza. Kanumba alikufa akiwa juu ya hiyo njia, hakuiona ikikatika.

Na hilo linauma kwa namna yake. Angefikisha 2016, 2018, angekuta dunia ambayo msanii anaweza kufungua chaneli yake na kuweka kazi yake mwenyewe, asimpelekee mtu masta. Yeye aliyekuwa na mashabiki kutoka Maswa mpaka Bujumbura angefanya nini na hiyo? Badala yake muvi zake zimejaa huko zikiwa zimepandishwa na watu wa kila aina, zimekatwa vipande, zimebadilishwa majina. Zinatazamwa mno. Mama yake, Flora Mtegoa, amebaki kuulizwa na waandishi kila mwaka ifikapo Aprili.

Kuna mwigizaji mmoja wa Marekani anayefanana naye kidogo, James Dean. Mtoto wa mashambani, alilelewa kwa mjomba na shangazi kwenye shamba huko Fairmount, Indiana, baada ya kufiwa na mama akiwa na miaka tisa. Alikufa kwa ajali ya gari 1955 akiwa na miaka 24. Muvi kubwa alizoongoza ni tatu tu, na mbili zilitoka yeye ameshazikwa. Tatu! Kanumba alikuwa anaweza kutoa tatu kabla ya Sabasaba. Lakini sura ya Dean ikiwekwa kwenye fulana au tangazo, kuna upande wa familia yake unaosaini na kulipwa. Jimbo la California lina sheria inayolinda jina na sura ya mtu maarufu miaka 70 baada ya kifo chake. Na Fairmount, kijiji cha watu wachache, kila Septemba wanafanya tamasha la kumkumbuka, wageni wanalala, wanakula, wanapiga picha kaburini, na mji unapata riziki.

Kaburi la Kanumba liko Kinondoni, Dar. Kule alikozaliwa mkoa umegawanywa, Sola iko Simiyu na Bugoyi iko Shinyanga, na barabara ya Mwigumbi mpaka Maswa na Bariadi siku hizi ni lami. Mavuno yakiisha, Wagika na Wagalu bado wanakutana uwanjani na watu bado wanakimbia kutoka upande mmoja kwenda mwingine kwenye vumbi. Siku hizi wengi wanakimbia wameshika simu juu, wanarekodi.